Kumuombea Hudhud

Ibra, Jumamosi, 14 Juni

Jambo hili sijapata kumwambia mtu. Kila nikimaliza sala ya Alfajiri, baada ya kuwaombea wazee wangu na marehemu wetu, naiombea dua mashine. Nasema, "Mola, mfikishe Hudhud salama." Sijui kama inafaa. Nimepekua vitabu viwili vya fiqhi vya Baba, sikuona palipokatazwa, wala sikuona palipoamrishwa. Ustadhi wa dini ningemuuliza, lakini darasa zima lingegeuka kunitazama, na mimi nikitazamwa husahau hata jina langu.

Hudhud ni chombo cha angani, ukubwa wake kama friji ya jikoni, hakina mtu ndani. Kilirushwa mwaka juzi kwenda kwenye asteroidi moja, yaani jiwe linalolizunguka jua peke yake, dogo hata halikupewa jina, lina namba tu. Dada yangu Ghalia ni mmoja wa wanaokiongoza, kule Ujerumani. Jina alilitoa yeye, la ndege aliyempelekea Nabii Suleiman habari za mbali, na wenzake wakalipenda. Ndiyo maana sisi nyumbani tunamsema kama ndege.

Baba hamsemi kabisa, si Hudhud wala Ghalia. Ghalia alikwenda kusoma kwa mwaka mmoja, kwa idhini yake. Mwaka ulipokwisha akapata kazi, akatia saini, ndipo akapiga simu kumwambia. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama umeweza kuamua bila ya mimi, basi endelea bila ya mimi." Huu ni mwaka wa pili hawajasemezana. Ghalia naye akajitoa kwenye grupu la ukoo. Kila mmoja anamngojea mwenziwe aanze, na mimi niko katikati, na wa katikati hana la kufanya.

Jumanne, 17 Juni

Mtihani wa fizikia. Swali la nne nimelijibu kwa urefu kuliko lilivyotakiwa. Joto digrii arubaini na saba.

Ijumaa, 20 Juni

Ghalia hupiga kila Ijumaa wakati wa chakula cha mchana, kwenye simu ya Mama. Ikilia tu, Baba anainuka. Hagombi, hanuni. Anaacha wali wake sahanini, anatoka.

"Kaondoka?" Ghalia akauliza leo.

"Kenda kunawa," Mama akasema.

"Kila Ijumaa anakwenda kunawa. Mikono yake itakuwa safi hiyo!"

Mama akacheka, huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akanipa simu.

"Jumana, sikiliza," Ghalia akasema. "Hudhud amebakisha wiki tatu kufika. Hilo jiwe urefu wake kama kutoka msikitini kwetu mpaka sokoni, halina hata nguvu ya kumvuta mtu. Ukiruka juu yake, hutarudi chini. Kwa hiyo Hudhud hatatua. Ataligusa tu, kama unavyoigusa pasi kujua kama imepata moto, achote vumbi kidogo, aondoke. Lakini kabla ya hapo atapiga picha ya karibu, ambayo hakuna binaadamu aliyepata kuiona. Nitaichapisha kubwa, nipande ndege, nimtilie Baba mkononi."

"Na asiposema kitu?"

"Basi, nitakuwa nimeshakuja."

"Si uje tu, Dada?"

"Nije na nini? Mkono mtupu haulambwi, mdogo wangu. Na Baba yule unamjua."

Ndiyo, namjua. Baba akishafunga mlango haufungui mpaka mtu abishe hodi na kitu mkononi. Lakini na Ghalia ni hivyo hivyo. Wamefanana mpaka kidevu.

Jumanne, 24 Juni

Leo tumeanza tabseel. Tende za mabsali hukatwa zingali za manjano na ngumu, zikachemshwa katika masufuria ya shaba ambayo mtu mzima angeweza kukogea ndani, kisha zikatandazwa juani siku kadhaa mpaka zikauke na kuwa nyekundu. Baba ana mshahara wake wizarani, tende hizi hazimlishi. Lakini shamba ni la babu yake, aliyeliacha akaenda Unguja, na Baba, tangu wazee wake walipomrudisha huku bara ya Maskati akiwa mdogo, hajakosa msimu hata mmoja. Huchukua likizo, husimama mwenyewe mbele ya moto na upawa wake mrefu.

Wiki hizi jua tunalitaka, mvua hatuitaki. Tende iliyotandazwa ikirowa, imekwenda.

Uwanja wa kutandazia unaunguza. Nilitoka bila ya viatu kumpelekea Mama ufagio, Baba akapiga kelele: "Jumana! Hapa watu huacha ngozi!" Nikarudi kuvaa, nikampa Mama ufagio, na ukanda wa ndara ukakatika. Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Mama akadondosha ufagio. "Kafa nani?"

"Ndara, Mama. Ustadhi katufundisha kila msiba una hilo neno, hata ukanda wa kiatu ukikatika."

"Ustadhi hamjui shangazi yako Basma. Akilisikia neno hilo tu, ameshatia sufuria ya matanga motoni."

Alhamisi, 26 Juni

Mawingu juu ya milima tangu Adhuhuri. Hayakushuka.

Jumanne, 1 Julai

Hudhud ameliona! Ghalia amenitumia picha. Ni weusi mtupu, na katikati nukta nyeupe. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti naitazama mpaka sikumsikia Baba aliposimama nyuma yangu.

"Nini hiyo?"

"Jiwe, Baba."

"Jiwe liko wapi?"

"Hiyo nukta."

Aliinama. Alinuka moshi na asali ya tende. Akatazama muda mrefu kuliko inavyohitaji nukta.

"Kwa nukta hiyo," akasema. Nilingoja amalize, akaenda zake.

Jumamosi, 5 Julai

Mawingu. Baba kila baada ya kumwaga sufuria anatazama milimani. Mimi natazama simu. Hatuna tofauti kubwa.

Jumatatu, 7 Julai

Ghalia kapiga, na leo si Ijumaa. Nilijua kabla hajasema.

Hudhud alikuwa anajigeuza kuelekea jiwe. Katikati ya kujigeuza pakatokea hitilafu ambayo hawaijui bado, akajizima karibu kila kitu, kama alivyoundwa afanye akiona hatari. Ubaya ni kwamba mabawa yake yanayopokea jua yameachwa yameelekea kwengine. Betri inakwisha.

"Mwambieni ageuke," nikasema. Nilijiona mjinga hapo hapo.

"Tunamwambia. Amri inachukua dakika kadhaa kufika, na jibu dakika kadhaa kurudi. Jibu halirudi."

"Hakuna anayeweza kwenda?"

"Nani atakwenda, Jumana? Hakuna anayeweza hata kumgusa."

"Sasa mnafanya nini?"

"Tunaita. Akichoka mmoja, anakaa mwengine, anaita."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. Nikataka kumwambia kwamba na mimi naita, kila Alfajiri. Nikaona haya.

Jumanne, 8 Julai

Kimya.

Jumatano, 9 Julai

Kimya. Matone matatu ya mvua, tukakimbia na maturubali, ikaacha.

Ijumaa, 11 Julai

Simu ililia, Baba akainuka. Leo nilikuwa nimekwenda jikoni kuchukua ndimu, na nikirudi nikapita ukumbi wenye beseni la kunawia.

Baba alikuwa amesimama pale. Mkono mmoja ameuweka juu ya bomba, na bomba limefungwa. Beseni kavu. Kutoka chumbani sauti ya Ghalia ilisikika vizuri kabisa, anamweleza Mama kwamba hali chakula vizuri, kwamba amepungua, kwamba bado wanaita. Baba ameinamisha kichwa kama anayesikiliza hotuba.

Akaniona.

"Maji ya moto," akasema.

"Ndiyo, Baba," nikasema.

Tangu zamani Mama huiweka simu kwenye spika, na mimi nilidhani masikio yake yamedhoofika. Hayakudhoofika hata kidogo. Nimeishi katika nyumba hii miaka kumi na sita nikidhani mimi ndiye ninayetazama mambo.

Jumanne, 15 Julai

Kwenye moto, bila ya kugeuka: "Yule ndege wao kasema?"

"Bado, Baba."

"Hm."

Akakoroga.

Jumatano, 16 Julai

Nilimwandikia Ghalia: Baba ameulizia Hudhud. Akajibu: "Anangoja apate kuniambia, 'Si nilikwambia?'" Nikamwandikia siyo hivyo. Hakujibu. Siwezi kumweleza habari ya bomba lililofungwa kwa maneno ya simu. Nimejaribu, likawa kama jambo la kipuuzi.

Ijumaa, 18 Julai

Ghalia hakupiga. Baba alikaa na sahani yake mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeyafanya mimi. Nitayaandika yote.

Asubuhi Ghalia alinitumia ujumbe. Wakubwa wao wameamua hawataita tena. "Hudhud ndiyo basi," aliandika, na chini yake akatia picha ya zamani, yeye na Hudhud kabla hajarushwa. Ghalia amevaa zile nguo nyeupe za chumba chao cha kazi, amefunikwa kichwa mpaka miguu, unaonekana uso tu. Nikamuuliza atakuja lini. Akaandika, "Sina cha kuja nacho."

Nilikuwa shambani, katika chumba cha magunia. Nikawafikiria watu wa ukoo wetu wanaosema Ghalia kawaacha wazee wake kwa ajili ya bati. Nikataka wajue leo limemfika jambo gani. Mimi kwenye grupu lile sijawahi kuandika ila salamu za Idi. Nikaitia ile picha, na chini yake nikaandika, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Nilitaka kufuatisha maelezo. Lakini grupu lina watu sitini, na mimi naogopa kukosea mbele ya watu sitini. Nikaiweka simu juu ya gunia, nikaenda ndani ya nyumba kutafuta karatasi, niyaandike kwanza pembeni kwa lugha nzuri. Nimeandika kwa uangalifu. Nilifika pale pa betri, ndipo niliposikia Mama akipiga ukelele jikoni.

Nilimkuta amekaa chini, simu sikioni, Shangazi Basma analia kutoka Nizwa.

"Mama, siyo! Mama, Ghalia mzima! Ni Hudhud!"

Ilibidi nimshike mashavu nimwambie mara tatu. Alipofahamu alinizaba kofi, la kwanza maishani mwangu, kisha akanikumbatia, kisha akasema, "Baba yako."

Tukakimbia shambani. Sufuria lilikuwa linachemka, hakuna aliyesimama mbele yake. Wafanyakazi wakatuambia: simu ya Bwana ililia, akasikiliza, akaweka upawa chini, akaenda kwenye gari. Ami Marzouq, nduguye wa Sur, ndiye aliyempigia kumpa pole.

Nikaitwaa simu yangu juu ya gunia, nikampigia. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Watu sitini walikuwa wanampa pole kwa zamu, na mimi niliyekuwa na neno moja tu la kumwambia sikupata nafasi. Kwenye grupu niliandika, "Ghalia yu hai, nimekosea," likafunikwa na rambirambi kabla sijaliona likitokea. Nikaandika tena. Mtu akanijibu, "Subira, mwanangu." Nikakaa kwenye jiwe la falaji, mfereji wa maji ya shamba, nikapiga, nikapiga. Sasa najua Ghalia wiki hizi mbili alikuwa anafanya kazi gani.

Baada ya Adhuhuri wakaanza kufika. Wa kwanza Shangazi Basma, na katoni nne za maji na sanduku la juzuu thelathini za kusomea hitima.

"Yuko wapi mama yake?"

"Shangazi, shikamoo. Ghalia hakufa."

"Marahaba. Nani hakufa?"

"Ghalia."

"Sasa kafa nani?"

"Mashine."

Alinitazama. "Mashine! Nimelia kutoka Nizwa mpaka Ibra kwa mashine! Wanja wote umenishuka, nitazame, nimekuwa punda milia!" Akacheka, akakaa kwenye sanduku la juzuu, kisha akalia tena, safari hii kweli.

Magari yalikuwa kumi na moja wakati ngurumo ilipopiga. Wingu lile la kila siku leo lilishuka. Sikumbuki nani aliyekimbia mwanzo. Nakumbuka Ami Marzouq ndani ya kanzu yake nyeupe ya msibani, amepiga magoti kwenye tende, anavuta turubali, anagomba: "Shika huko! Huko, siyo huku! Mmekuja kuzika nini, mikono?" Kina mama walikusanya kwa mabuibui yao. Tuliokoa kama nusu. Nusu nyengine niliiona inaelea.

Baba alirudi mvua ikiwa imebaki manyunyu. Alishuka garini. Alikuwa anakanyaga kwa pembe za nyayo. Hakuwa na viatu.

"Ulikuwa wapi, ndugu yangu?" Ami akauliza.

"Bidbid." Kutoka kwetu ni zaidi ya saa nzima kwa gari.

"Bidbid kuna nini?"

"Nilikuwa nakwenda Maskati. Uwanja wa ndege."

"Pekupeku?" Shangazi akasema. "Na pasipoti yako iko kabatini?"

Baba akaitazama miguu yake kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha jirani. Kisha akamgeukia Mama, akazungumza naye peke yake ingawa sote tulikuwepo.

"Nilisimama pale kwenye petroli. Nikampigia simu yake. Nilitaka nijue nani atapokea, nimuulize wamemweka wapi. Akapokea mwenyewe."

"Ukamwambia nini?"

Akanitafuta mimi kwa macho. Nilikuwa nyuma ya Shangazi, nimerowa, na karatasi yangu ya maelezo imekuwa ugali mkononi. Nilingoja. Heri angenigombeza.

"Jumana," akasema. "Habari hii isimfikie dada yako."

Akaingia ndani. Mama akamfuata na beseni la maji na mafuta ya habasoda.

Jumapili, 20 Julai

Asubuhi nimekuta ujumbe wa Ghalia.

"Baba kanipigia jana. Nimesema 'Baba?' akakata. Mara ya kwanza tangu siku ile, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Kumbe ameshajua Hudhud hayupo. Alitaka kusikia sauti yangu ikoje nikiwa nimeshindwa. Mwambie ameisikia. Sitapiga tena Ijumaa."

Niliusoma nikiwa nimesimama. Baba amelala, amefungwa vitambaa nyayo zote mbili. Amesema isimfikie, na Baba sijapata kumuasi, hata katika jambo dogo. Na Shangazi Basma amelala kwetu. Akiamka na kunywa chai atampigia Ghalia amsimulie, na atasimulia kama kichekesho, punda milia na pasipoti kabatini, na Ghalia atacheka, na itakuwa imekwisha hivyo.

Leo Alfajiri sikuombea mashine. Sikujua niombe nini, nikakaa tu juu ya msala.

Kisha nilikwenda kwenye masufuria. Moto ulikuwa umezimwa na mvua. Makubadhi ya Baba yalikuwa pale pale alipokuwa amesimama jana, moja limekaa sawa, moja limepinduka, yamejaa majivu na maji. Wafanyakazi walikuwa hawajayagusa. Huyavua anapokoroga ili asiteleze kwenye asali, anasimama juu ya kipande cha gunia. Kutoka pale mpaka gari lilipokuwa ni uwanja mzima wa kutandazia, na jana saa zile jua lilikuwa kichwani.

Niliyapiga picha kama yalivyokuwa. Nikarudi nyuma nikapiga nyengine, inayoonyesha makubadhi na uwanja wote mpaka mahali pa gari. Nikamtumia Ghalia zote mbili. Sikuandika kwanza pembeni. Niliandika, "Jana nilikosea, watu wakadhani umekufa wewe. Haya makubadhi ya Baba. Hakurudi kuyavaa. Alifika Bidbid."

Nikaizima simu. Nikayamwaga makubadhi maji, nikayapangusa majivu kwa kanga yangu, nikayaweka nje ya mlango wa chumba chake, ncha zikielekea nje. Kisha nikavaa ndara za Mama, nikaenda uwanjani kufunua turubali na kuzigeuza tende zilizobaki.